Fulana ya Herufi Nne

Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Juni 2023. Kwangu asubuhi, kwa kaka yangu kule Tanga jioni. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala ninalofanyia kazi, karibu na uwanja wa ndege wa Oakland, Marekani, nikampigia simu kumsalimu. Nikamwambia leo silali sana, jioni nakwenda mpirani. Siyo mpira wake yeye. Besiboli, timu ya Athletics. Tunakwenda kumzomea mwenye timu.

"Kwani nyie hamna mkutano mkuu?" akauliza.

Kaka ni Simba wa kadi, ada analipa, na tawini kwao anajulikana kwa mdomo. Kwake uongozi ukiboronga dawa yake haina siri: wanachama wanakaa, mkutano unaitishwa, watu wanarushiana maneno mpaka mtu mmoja anainua kiti. Ikabidi nimweleze kwamba huku timu ni mali ya mtu, kama daladala. Abiria piga kelele utakavyo, lakini tajiri akiamua gari libadili njia, linabadili njia. Na tajiri wetu alikuwa ameshaamua gari liende Las Vegas.

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunanunua tiketi."

"Yaani mnampa hela ili mpate kumzomea?"

Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka nikasikia shemeji akimuuliza kuna nini.

Lakini haikuwa kichekesho, na nikiwa kitandani nikitafuta usingizi niliona nimemweleza vibaya. Ningeanza na Mzee.

Mzee ni mtu wa Oakland mashariki, mweusi wa huko huko, tuliyekuwa naye zamu moja. Neno "mzee" nilimfundisha mimi, akalipenda, akaanza kuwalazimisha na wengine wamwite hivyo. Alikuwa mtoto timu ya Athletics ilipohamia Oakland kutoka Kansas City mwaka 1968, na alikuwa anaanza kuota ndevu ilipochukua ubingwa mara 3 mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Ndiye aliyenipeleka Coliseum, uwanja wa timu, kwa mara ya kwanza, mwaka 2018, nikiwa sijui kwa nini mtu akipiga mpira vizuri halafu ukadakwa hewani anarudi benchi kichwa chini. Alinifundisha kwa karanga. Aliziweka nne pembeni yake kama vituo, nyingine akaikimbiza kutoka kituo hadi kituo, na kila mchezaji alipotolewa alikula moja.

Uwanja wenyewe ulikuwa mkuukuu, zege tupu tangu 1966, na paka wa mitaani walikuwa wenyeji wake kuliko sisi. Lakini upande wa kulia, kule nyuma kabisa, kulikuwa na watu wa ngoma. Ngoma hasa, zinapigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mechi, na bendera zinapeperushwa. Mtoto wa pwani akisikia ngoma hahitaji kutafsiriwa. Miaka ile timu ilikuwa inashinda: mechi 97 mwaka 2018, mechi 97 tena mwaka 2019. Oktoba ya 2019 tulikuwemo katika watu 54,005 waliokuja kuitazama ikicheza na Tampa Bay Rays mechi moja ya mtoano. Tulifungwa. Mzee akasema, hawa vijana wakikaa pamoja miaka miwili mitatu, utaona.

Hawakukaa. Machi 2022, ndani ya wiki moja, Chris Bassitt alipelekwa New York, Matt Olson Atlanta, Matt Chapman Toronto. Mwezi uliofuata Sean Manaea akapelekwa San Diego. Desemba akaenda Sean Murphy. Kila mmoja alikuwa amefika pale ambapo mshahara wake ungepanda, na kila mmoja aliondoka kwa kubadilishwa na chipukizi ambao majina yao Mzee alikataa kuyakariri. "Nikiyajua, watawauza," alisema. Mwaka 2022 timu ilipoteza mechi 102. Aprili 2023 ukatangazwa mpango wa kiwanja Las Vegas, na timu iliyobaki uwanjani ilianza msimu kwa kushinda mechi 12 na kupoteza 50. Sijui kama msomaji wangu anaipata vizuri hesabu hiyo. Ni kama timu yako ifungwe mara nne, ishinde mara moja, halafu irudie hivyo zaidi ya miezi miwili, karibu kila siku, kwa sababu besiboli haina wikiendi.

Mzee aligoma. Hakuweka tena mguu pale, na hakuwa peke yake: jioni moja ya Mei waliotangazwa kuwapo uwanjani walikuwa 2,064, katika uwanja uliowahi kutuingiza zaidi ya 50,000. Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Vile viti vitupu vikageuzwa ushahidi. Ikawa inasemwa kwamba Oakland hawaipendi timu, ona hawaji, kwa hiyo kuihamisha si dhambi. Mtu anakupikia wali mbichi kila siku, ukisusa anawaambia majirani kuwa wewe huna njaa.

Basi mashabiki wakawaza kinyume. Badala ya kususa, wachague usiku mmoja wa kawaida, Jumanne isiyo na zawadi wala fataki, waujaze uwanja, kisha wamwambie mwenye timu waliyonayo moyoni. Kumshawishi Mzee kulinichukua siku tatu. Hakutaka kutoa hata senti. Mwishowe nilimlipia tiketi mimi, ili awe na la kujitetea.

Nilishuka kwenye treni nikavuka lile daraja refu la waenda kwa miguu. Kwa kawaida nusu ya wauzaji wa maji na soseji pale juu walikuwa wamekaa. Siku hiyo hawakuwa na nafasi ya kukaa. Kule chini, sehemu ya magari ilikuwa moshi mtupu wa nyama choma, na kulikuwa na foleni ambayo niliingia kabla sijajua ni ya nini, kama tulivyozoea. Ilikuwa ya fulana. Za kijani kibichi, za bure, zimechapishwa kwa michango ya mashabiki wenyewe, na kifuani neno moja la herufi nne: SELL. Uza. Nikachukua yangu na ya Mzee. Alipofika alivaa ya kwake juu ya koti, kwa sababu upepo wa ghuba jioni hauangalii kama ni Juni, akaonekana kama mto uliojazwa sufi kupita kiasi. Sikumwambia.

Tulikuwa 27,759. Nimeikariri hesabu hiyo kuliko namba yangu ya leseni.

Wapinzani walikuwa Rays walewale wa 2019, na safari hii ndio waliokuwa na rekodi nzuri kuliko timu zote za ligi. Sisi, kwa maajabu yake, tulikuwa tumeshinda mechi 6 mfululizo. Mzee aliliona hilo ni dhihaka. "Sasa hivi? Wameamua kushinda sasa hivi?"

Ilikuwa imepangwa kwamba iningi ya 5, yaani kipindi cha tano cha mchezo, ikianza, mpigaji wa kwanza atakapoingia, watu wote wanyamaze. Nilidhani haitawezekana. Watu elfu ishirini na saba, wengine bia ya tatu. Lakini ikawa. Ngoma zikakatika. Nilisikia mpira ukigonga ngozi ya glavu ya mdakaji, sauti ambayo kwa kawaida unaisikia kwenye televisheni tu. Mtoto mmoja safu ya mbele yetu aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Mzee alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama makaburini udongo unapoanza kurudishwa.

Kisha ngoma moja, halafu zote, halafu sauti kutoka kila upande: uza timu! Uza timu! Sijawahi kuwa ndani ya sauti ya namna ile. Ilikuwa ikipanda kutoka kwenye zege hadi kwenye magoti. Mimi, ambaye sina hisa, sina kadi, na hata hati ya kusafiria ninayotumia si ya nchi hiyo, nilipiga kelele mpaka koo likanikwama. Nilimkumbuka kaka. Huu ndio mkutano mkuu wetu, nilitaka kumwambia, ila hauna meza kuu, na anayehojiwa hayupo ukumbini.

Tulishinda, 2 kwa 1. Mechi ya 7 mfululizo. Watu walikumbatiana na wasiowajua, kisha dakika ileile wakarudia kuimba auze. Wachache walianza kurusha makopo na chupa uwanjani, Mzee akawatolea ukali: "Hapo ni kwetu hapo, hamtupi taka!" Kijana mmoja alishusha mkono. Wengine hawakusikia.

Kwenye daraja, tukirudi, watu walikuwa wameinamia simu. Siku ileile, kule Nevada, Seneti ya jimbo ilikuwa imeupitisha muswada wa kuchangia hadi dola milioni 380 za umma kwenye uwanja wa Las Vegas. Jumatano baraza la pili likafuata. Alhamisi gavana akasaini. Sisi Jumatano usiku tulikuwa kazini, mimi sina sauti, Mzee naye hazungumzi kwa sababu nyingine. Alipita kwenye meza yangu wakati wa chai, akaweka karanga nne, kila moja mahali pake, akaondoka bila kula hata moja.

Fulana yangu niliivaa mara moja tu. Mwaka uliofuata nilipopata mtu anayekwenda Tanga niliifungasha pamoja na viatu vya watoto, nikamwambia kaka aivae tawini ikibidi. Ilimbana tumboni, akampa mwanawe, ambaye ana kibanda cha chipsi barabara ya kumi na mbili. Alinitumia picha kijana amesimama nyuma ya karai, kijani kibichi, SELL imemkaa kifuani sawasawa.

"Wateja wanaisifu," kaka aliandika. "Wanasema ndiyo maana ya biashara."