Makaroni ya matanga, Columbus

Mazishi yalikuwa saa nane mchana, nasi tukaingia jikoni mwa kanisa saa mbili asubuhi. Ilikuwa Februari, Columbus, Ohio, na theluji imeziba njia ya nyuma. Huko chakula cha wafiwa hakipikwi kwa masufuria uani. Huingia oveni kwenye trei za inchi 9 kwa 13, kila moja ya watu 8 hadi 10. Sisi tulikuwa na trei 4.

Ubaoni palikuwa na maneno mawili tu: Johnny Marzetti. Mama wa Massachusetts akatazama makaroni mafupi yaliyopinda, nyama ya kusaga na makopo ya nyanya, akasema, "Kumbe ni American chop suey." Mama wa Iowa akakataa: kwao hiyo ni goulash. Hakuna hata tone la sosi ya soya ndani yake kama kwenye chop suey ya mikahawa ya Kichina, wala si goulash ya asili, mchuzi wa Hungaria. Mwenyeji wetu, mzaliwa wa Columbus, akasema Marzetti lilikuwa jina la mkahawa wa mjini hapo, uliofunguliwa na Teresa Marzetti mwaka 1896, na wenyeji husimulia kwamba chakula hiki kilianzia kwake. Jina lilifika hadi kwa Wamarekani waliokuwa wakiishi kwenye Mfereji wa Panama, ambao wao walitia zeituni.

Tofauti kubwa iko kwenye moto. Chop suey ya Massachusetts ina pilipili hoho na huishia juu ya jiko, bila oveni. Goulash ya Iowa ni ya sufuria moja, na wengi hupikia makaroni humo humo kwenye mchuzi. Marzetti ina uyoga na jibini ya cheddar, na lazima iokwe.

Kwa trei moja tulitumia makaroni pauni 1, yaani gramu 454, na nyama kiasi hicho hicho. Kitunguu na uyoga hutangulia mpaka maji ya uyoga yakauke. Maji hayo yakibaki, trei itachuruzika. Nyama hufuata, na ikishaiva mafuta yake yachujwe, la sivyo yataelea juu ya jibini. Kisha nyanya za kopo, na mchuzi uwe mwepesi kuliko unavyodhani inafaa. Pakiti ya makaroni iliandikwa dakika 7. Tukaepua kwenye 5, kiini kikiwa bado kigumu kidogo. Nusu ya jibini tukaichanganya ndani, nusu tukaitandaza juu. Oveni nyuzi 350 za Fahrenheit, karibu 177 za Selsiasi: dakika 25 chini ya foili, 10 bila foili.

Trei ya nne niliiandaa mimi usiku uliotangulia, makaroni yakiwa yameiva kabisa, nikailaza kwenye friji ndani ya mchuzi wake. Asubuhi mchuzi haukuwapo. Wanga hauachi kunywa mchuzi eti kwa sababu tu moto umezimwa. Makaroni yalikuwa yamevimba, yakikatika kwa kuguswa na mwiko. Kuoka kungeyakausha zaidi.

Mama wa Iowa akaishika trei. "Lete sufuria, mwanangu," akasema. Akamimina yote, akaongeza kopo la nyanya na vikombe 2 vya supu ya moto, akakoroga polepole kutoka chini asiyaponde. Baada ya dakika chache kikawa chakula cha kuchota kwa upawa, kile kile alichokuwa akikiita goulash tangu asubuhi.

Saa tisa na nusu tukaweka trei 3 na sufuria mezani. Watoto walikwenda kwenye sufuria. Mjane alipofika, mwenyeji wetu hakumuuliza kitu. Alichukua kisu, akamkatia kona ya trei, pale jibini ilipogandia ukingoni na kuwa kahawia, akamwekea pande zote mbili za kona ile.