Jumamosi naalika watu, na hivi ndivyo nimepanga msosi

Jumamosi naalika watu kwangu hapa Dar, sio sherehe, ni chakula cha usiku tu na watu ninaowapenda, ila nikiangalia nani na nani wanakuja naona kabisa pilau la nyama na soda haliwezi kutosha. Kuna baba mkwe ana sukari na presha, kuna majirani Waislamu, rafiki yangu Msabato na mumewe, dada mmoja wa kazini Mhindi hagusi nyama, samaki wala yai, halafu mtoto wa wifi ambaye karanga kwake ni hatari kweli, akila kidogo tu midomo inavimba na pumzi inabana.

Mimi sitaki kabisa mtu atengewe sahani yake pembeni kama mgonjwa. Nataka vyakula vyote vikae mezani na kila mtu akipakua apate cha kushiba.

Shida ya sisi watu wa huku ukimuuliza mgeni unakula nini anakwambia "chochote tu, usijisumbue", ndo tulivyolelewa. Kwahiyo nauliza kwa kugeuza, "kuna kitu hutumii?", au namuuliza mwenzake. Baba mkwe asingesema hata siku moja, mama ndo kanieleza yote mpaka saa anazochoma insulini, na hapo nikaelewa kwamba muda nao ni sehemu ya menyu, maana mtu wa insulini ukimkalisha na stori mpaka saa nne chakula hakijaja sukari inaweza kushuka akaanguka.

Ijumaa nimeiacha kwa sababu Sabato inaanza jua likizama. Jumamosi saa moja na nusu usiku Sabato imeshaisha, Magharibi imeshaswaliwa, na wa Isha nimewawekea mswala chumba cha watoto. Saa mbili kamili tunakula, na mama nimeshamwambia hivyo.

Chakula chenyewe sasa. Nazi ndo inanibeba, wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha wa nazi, hapo dada wa kazini ana mlo kamili bila kuomba chochote, ila mwiko wa mchuzi wa kuku usiingie kwenye maharage, hiyo nitaisimamia mwenyewe. Kuku nachukua wazima sokoni wanachinjwa palepale na Mwislamu. Samaki ni changu, ana magamba, kwahiyo Wasabato wanakula vizuri, pweza na kamba wasubiri siku nyingine hata kama navipenda sana. Baba mkwe nampikia ugali wa dona, na utakuwa mwingi tu kwenye hotpoti kubwa ili wote wale sio yeye peke yake, chumvi naweka kidogo kila chungu, vile vidonge vya mchuzi situmii kabisa maana vimejaa chumvi, natia tangawizi, vitunguu saumu, ndimu, na anayetaka chumvi ipo mezani.

Karanga hazipiti mlangoni wiki hii. Sio kwenye mchicha tu, na kashata, na visheti vya dukani ambavyo hujui vimekaangwa na nini, na kinu nilichotwangia karanga majuzi sikitumii hata nikikiosha vipi. Wifi nimemuuliza kama nazi na maharage hayamsumbui mtoto, kasema anakula siku zote.

Juisi sitengenezi, nakata papai, nanasi na tikiti, ukishakamua tunda sukari inapanda haraka mwilini. Chai ni ya mchaichai bila majani ya chai, rafiki yangu hanywi chai wala kahawa, na kiukweli usiku ule hata sisi wengine tutalala vizuri.

Kilichobaki ni kuwahi soko la samaki la Feri asubuhi, changu wakiwa bei mbaya naongeza kuku wawili.