Mkia unaogeukia maji: kuiga lipidi zilizooksidika kwa GROMACS

Mafuta ya chipsi yakirudiwa siku tatu kwenye karai huanza kunuka. Oksijeni imeingia kwenye mkia wa mafuta pale penye kifungo maradufu, na vipande vilivyokatika ndivyo hivyo vinavyonuka. Lipidi za utando wa seli nazo hukatika hivyo, ila kisiki kinachobaki kina oksijeni nchani, na oksijeni hupenda maji. Basi mkia hupinda, ukaacha kina cha utando na kupanda hadi kwenye vichwa vya lipidi, vinavyogusa maji.

Ili kuliona hilo kwenye GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli kwa kompyuta, anza na utando wa POPC safi, lipidi ya kawaida isiyooksidika: lipidi 128, 64 kila upande, maji 40 kwa kila lipidi, vigezo vya CHARMM36 (seti ya kanuni za nguvu kati ya atomu), joto 303 K. Eneo kwa lipidi litue karibu na 0.64 nm². Likishuka hadi 0.58, usiguse oksijeni bado. Kagua mkato wa nguvu, yaani umbali ambao kuupita nguvu kati ya atomu hazihesabiwi (1.2 nm, ukififishwa kuanzia 1.0), na uhakikishe DispCorr, sahihisho la mvuto ulioachwa nje ya mkato huo, imezimwa.

Kisha badilisha lipidi 13 kila upande ziwe PazePC, lipidi iliyooksidika na kukatika mkia mmoja, kama asilimia 20. Ukizirundika upande mmoja, huo utataka kutanuka na mwenzake atavutwa kwa nguvu. Eneo utakalopima halitakuwa la upande wowote.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ncha ya PazePC ni asidi, na kwenye pH ya mwili imepoteza protoni, hivyo ina chaji -1. Lipidi 26 zinadai ioni 26 za sodiamu, kabla hujaongeza chumvi ya kawaida. Ukiiacha na protoni yake, programu haitalalamika hata kidogo. Mkia utapinda kivivu, nawe utaripoti utando mtulivu ambao haupo. PoxnoPC, lipidi nyingine iliyooksidika, haina mtego huo kwa sababu aldehaidi yake haina chaji. Mikia yake huyumba tu, mingine juu, mingine ndani.

Shinikizo liwe semiisotropic, yaani eneo la utando na kimo cha kisanduku vibadilike kila kimoja peke yake, bar 1. Ukiweka isotropic, kisanduku hutanuka kwa uwiano mmoja pande zote, ilhali utando uliooksidika unataka kupanuka huku ukiwa mwembamba. Umeuzuia kufanya lile jambo unalolitafuta.

Kwa hatua za 2 fs (femtosekunde), ns 500 (nanosekunde) ni hatua milioni 250. Tupa ns 100 za mwanzo, au zaidi kama grafu ya eneo bado inapanda. Na kwa Nairobi, ambapo stima hupotea bila hodi, mdrun, amri inayoendesha uigaji, iandikie -cpt 5: itahifadhi hali kila dakika 5 badala ya 15. Stima zikirudi, endelea kwa -cpi state.cpt.