Mla nyama kwenye sinia la watu

Haya, leo naandika yote nimalize maana nimechoka kujibu mmoja mmoja mnaoniuliza kwanini nakula nyama tu. Ndio, mimi ndo yule asiyekula ugali. Nina mwaka mmoja na miezi 4 sasa nakula nyama, samaki, mayai na mafuta yake basi, hakuna wali, hakuna mchicha, hata kachumbari ya kwenye mishikaki naisogeza pembeni. Siku nyingi nakula mara moja tu, saa 11 jioni nikishafika nyumbani. Na kila wiki nafunga masaa 36, Jumapili saa 11 jioni nanawa mikono, nakuja kula tena Jumanne saa 11 alfajiri, hapo katikati ni maji, chumvi kidogo na kahawa chungu.

Kilichonifikisha huku ni sukari, sio kitambi, ingawa kitambi nacho kilikuwepo cha kutosha. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, yani kutwa unasubiri karatasi isainiwe na wakati unasubiri unakula. Asubuhi supu na chapati 2, saa 7 mchana zege, katikati hapo soda mbili tatu maana joto la Dar mnalijua wenyewe. Nikafika kilo 108. Siku nikapimwa sukari asubuhi kabla sijala ikasoma 7.9, wiki iliyofuata wakarudia ikasoma 7.6, daktari akaniambia ukishafika 7 na tumbo tupu hapo hatusemi tena sukari inanyemelea, imeshaingia ndani na imevua viatu. Mama yangu sukari ilimchukua kidole gumba cha mguu kwahiyo sikuhitaji maelezo marefu.

Nikapewa metformin, vidonge vya sukari, na karatasi ya chakula, imeandikwa kula ugali wa dona kwa kiasi. Dona nilikula kweli. Kiasi ndo kilinishinda, mimi nikishaanza kumega ile tonge ya kwanza sijui kuacha, sasa mtu kama mimi kumwambia ale kidogo ni sawa na kumwambia mlevi anywe glasi moja. Kuacha kabisa naweza. Kupunguza siwezi. Nadhani siri yote ya mimi kudumu ni hiyo na wala sio ushujaa, kwahiyo kama wewe unaweza kula nusu sahani ukaridhika, endelea na maisha yako, haya mambo wala huyahitaji.

Mfanyakazi mwenzangu ndo alinionyesha klipu za Shawn Baker, yule daktari wa mifupa wa Marekani anayekula nyama tu, mwili wa kubeba vyuma, nikacheka nikasema huyu ana zizi lake nyuma ya nyumba. Ila usiku sikulala, nikatazama klipu mpaka bando likaisha.

Wiki ya kwanza nusura niache. Nilienda bucha nikanunua kilo 5 za steki na nikamwambia jamaa atoe mafuta yote, kila kitu cheupe kitoke, si tumekua tunaambiwa mafuta yanaua? Akaniangalia akasema bosi hii utatafuna kama kandambili. Nikapeleka nyumbani, naichemsha, chumvi kidogo kabisa kwa sababu ya presha (ambayo wala sikuwa nayo, niliamua tu kuiogopa). Siku ya tatu kichwa kinagonga, miguu kama ya kuazima, ofisi yetu iko ghorofa ya pili napanda ngazi nashika ukuta, halafu tumbo likaanza kuendesha. Na njaa haiishi! Nimekula kilo nzima na bado nina njaa, na hapohapo nikiiona nyama natamani kutapika. Mke wangu akasimama mlangoni ananiangalia, akasema Baba Zai, utakufa na mfupa mdomoni tukose la kuwaambia watu.

Kumbe kosa langu lina karibu miaka 100. Kulikuwa na msafiri mmoja anaitwa Vilhjalmur Stefansson, aliishi miaka na Wainuiti kule kwenye barafu Kanada akila wanachokula wao, akarudi akawaambia wataalamu kwamba mtu anaweza kuishi kwa nyama peke yake na asiugue. Hawakumuamini. Mwaka 1928 yeye na mwenzake wakajipeleka hospitali ya Bellevue, New York, wachunguzwe wakila nyama tu mwaka mzima. Madaktari kwanza wakamtaka Stefansson ale ile isiyo na mafuta, siku chache tu jamaa hoi, tumbo linaendesha kama mimi na steki yangu. Wakamrudishia nyama yenye mafuta, akapona, wakaumaliza mwaka wote wawili na afya zao. Na kwenye kile chakula chao nguvu nyingi, kama asilimia 80, ilitoka kwenye mafuta, nyama yenyewe ilikuwa msindikizaji.

Basi nikarudi bucha kwa aibu nikasema nipe nundu. Nipe kidari. Yale mafuta mnayouza bei ya bure pale pembeni funga kilo. Na chumvi nikaongeza, maana nikaja kujua kwamba ukiacha wanga insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inashuka, na insulini ikishuka figo zinaachia chumvi na maji, ndo maana mtu anapata kizunguzungu na kichwa anadhani kalogwa. Hata zile kilo 4 zilizotoka wiki ya kwanza nikazitangaza ofisini kama nimeshinda bahati nasibu, zilikuwa maji zaidi ya mafuta. Wanga ule mwili unaohifadhi kwenye ini na misuli, kila gramu inashikilia gramu kama 3 za maji, unautoa na maji yanaondoka nao. Ukila wali siku mbili yanarudi. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia programu ya kilo 5 kwa siku 7, mwambie akuuzie na ndoo.

Hela sasa. Hili swali ndo naulizwa kuliko yote na watu wanauliza kwa hasira kidogo, kama vile nawaringishia. Mtaani kwangu kilo ya nyama ya kawaida ni 12,000. Nusu kilo 6,000, mayai 5 kwa 400 ni 2,000, jumla 8,000 na nimekula siku imeisha. Zamani supu na chapati, zege, soda, juisi, na bado nyumbani usiku ugali na samaki, nilikuwa naikaribia hiyohiyo na sijui imeenda wapi. Tofauti ni kwamba sasa inaonekana, iko kwenye mfuko mkononi, mke anaiona. Jumamosi moja moja naamka mapema naenda Vingunguti machinjioni, kule unapata kongoro, kichwa, maini, mifupa, unapikia wiki. Watoto wanakula ugali wao na maharage kama kawaida, sikuwalazimisha, nao Ijumaa tunakula makongoro wote.

Watu wanapenda kunitolea mfano wa Wamasai, eti mbona Mmasai anakula nyama tu na hana kisukari. Mlinzi wetu wa usiku ni Mmasai wa Simanjiro, nilipomuuliza alicheka mpaka akaweka rungu chini. Yeye anakula ugali na maharage kwenye kibanda chake, mshahara wenyewe anaujua. Zamani chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa, nyama ni ya sherehe na orpul, ile kambi ya wanaume porini, wanachinja wanakaa siku na siku wanakula nyama na kunywa supu yenye magome ya olkiloriti. Ni kweli mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha utafiti wa Wamasai wa Tanganyika na wakakuta kolesteroli yao iko chini, lakini wale watu walikuwa wanatembea na ng'ombe kutwa nzima. Mimi natembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye ngazi za ofisi. Tusijilinganishe.

Kufunga kwangu hakukuwa kugumu kama watu wanavyodhani, nimekulia Tanga kwenye nyumba ya Ramadhani na Jumatatu na Alhamisi, bibi alikuwa anatufungisha nusu siku tangu tuna miaka 6. Sema ile Ramadhani yetu tunanenepa, tuseme ukweli. Uji, mihogo ya nazi, tambi, magimbi, kaimati zimeogeshwa sukari, halafu saa 4 usiku wali, halafu daku. Ramadhani iliyopita nilifuturu na tende moja, maji, na samaki wa kuchoma. Tende ndio, najua, ni sukari tupu, wale wakali wa kanivo (carnivore, ndo hii ya kula nyama tu) watasema nimevunja sheria. Sheria ya nani? Tende nimefuturia tangu utotoni na nitafuturia mpaka nazikwa.

Ila hapa naomba msinielewe vibaya. Rafiki yangu mmoja anatumia glibenclamide, dawa nyingine ya sukari, akaona mimi nafunga naye akafunga masaa 24 kimyakimya bila kumuuliza daktari wake. Ile dawa inaisukuma kongosho itoe insulini ule usile, kwahiyo usipokula sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akiwa kwenye daladala akaanza kutetemeka, jasho la baridi, anaongea maneno hayaeleweki, konda akadhani kalewa anataka kumshusha. Mama mmoja abiria ndo alishtuka akampa soda yake. Mimi mwenyewe metformin nilipunguziwa na daktari, kwa vipimo, sikujipunguzia. Kama unameza dawa za sukari au presha anza na daktari kabla hujaanza na bucha.

Sasa nije kwenye kilichonitesa kweli, maana njaa inakuja saa moja inaondoka zake. Watu hawaondoki.

Kwetu nyama ni kitu cha kugawana. Vipande viwili kwa mtoto, vitatu kwa baba, na mtu anayependa nyama sana anaitwa mroho, hana jina lingine. Nilikuwa mwezi wa tano hivi kwenye hii safari tukaenda Muheza kwenye arobaini ya mjomba. Nimetoka Dar alfajiri, sijala tangu jana yake jioni, tukamaliza dua, birika na beseni likapita tukanawa, sinia likashuka. Wanaume watano, mlima wa pilau, na juu pale katikati vipande 7 vya nyama, nilivihesabu Mungu anisamehe. Mnajua adabu ya sinia, unakula mbele yako, nyama haiguswi mpaka mkubwa aigawe. Sasa mimi mbele yangu kuna nini? Wali. Nikawa nachezea punje na vidole, napeleka mkono mdomoni mtupu kama mtoto anayeigiza, jasho linanitoka.

Mzee mmoja rafiki wa marehemu, kofia ya kiua imefubaa, akaniona. Kijana mbona huli, pilau ina kasoro? Nikasema hapana babu, shikamoo, mi nina sukari. Mikono yote ikasimama. Yule wa kushoto akasema hata mimi, mwaka wa tatu huu. Wa mbele yangu akasema mke wake anachoma sindano. Wakaanza kuulizana dawa gani, hospitali gani, mwarobaini unasaidia au hausaidii, na huku wanakula pilau kwa kasi ileile, mlima unashuka. Mzee akachukua vipande viwili kwa ncha za vidole akanisogezea upande wangu akasema haya, dawa yako hiyo.

Nikala. Lakini nilijisikia mwizi, maana wakati ule sukari yangu ya asubuhi ilishashuka mpaka 5.8, nilichofanya ni kutumia ugonjwa kama kitambulisho. Tangu hapo ndo neno langu, harusini, msibani, kwa mabosi. Ukisema nafuata kanivo watu wanakuhubiria saa zima kuhusu mboga za majani, ukisema nina sukari wanakupa kiti na nyama.

Vipimo vya mwezi uliopita: kilo 86, sukari ya asubuhi 5.4, dawa nimeachishwa miezi 6 sasa na kila miezi mitatu narudi kupima. Kolesteroli ile mbaya, LDL, imepanda kutoka 3.1 mpaka 4.6 na hilo daktari halijamfurahisha kabisa, ameniambia mishipa haisomi klipu za mtandaoni. Tumekubaliana nipunguze nundu na niongeze samaki, kwahiyo wiki hizi ni vibua na dagaa, na miezi mitatu ijayo tutaona, ikibaki juu tutaongea lugha nyingine. Soseji nilishaacha toka mwanzo, zile nyama za kusindikwa shirika la afya duniani liliziweka tangu 2015 kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani na mimi sitafuti ugomvi mwingine.

Wiki iliyopita nilikuwa Muheza tena kumwona shangazi. Zamani nilikuwa naficha, nasema nimekula njiani. Safari hii nimefika nakuta bakuli limefunikwa kawa mezani, maini ya kukaanga na vitunguu amevitoa vyote pembeni, kaniwekea na mayai mawili ya kuku wake. Nikafunua, kwenye ukingo wa bakuli kuna kijiko kimoja cha wali wa nazi. Nikamwangalia. Akasema huo sio wa kula, huo wa kuonja tu.

Nikaonja.