Maua ya njano kando ya barabara ya 86

Leo nilikuwa nakaanga bizari nyembamba, ndimu imekatwa pembeni. Harufu mbili zikakutana juu ya kikaango, nikazima jiko na kusimama pale pale.

Ilikuwa Agosti, Arizona, kwenye barabara ya 86 inayotoka Tucson kwenda magharibi. Kaka anaendesha, mimi natazama dirishani. Tangu msiba tulikuwa hatujazungumza vizuri. Tukapata pancha.

Nilipopiga goti kulegeza nati, harufu ikanijaa puani, kali, mpaka nikadhani kuna kitu kimemwagika kwenye buti.

"Umemwaga nini?" Kaka akauliza.

"Mimi? Sijashika kitu."

Nikainua goti. Suruali ilikuwa na madoa ya kijani, na chini yake vijimaua vya njano vilikuwa vimelala, vidogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Mvua za radi zilikuwa zimepita siku chache kabla, na ukingo wote wa lami ulikuwa njano. Nikachuma kitawi. Majani membamba kama uzi, yameota mawili mawili yakitazamana, na kwenye kikonyo yana vinywele vigumu. Nikalielekeza jani moja juani: lilikuwa na vitone vinavyopitisha mwanga, vimepangana ukingoni. Nikakiponda kimoja kwa ukucha, na harufu ikatoka upya. Petali nikazihesabu kwa sauti: nane.

"Ndimu," Kaka akasema.

"Bizari, Kaka. Nusa tena."

Akachuchumaa karibu yangu, akanusa, jeki bado mkononi. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko pancha ilivyohitaji.

Kitawi nilikibana ndani ya daftari. Kwanza nilidhani ni ule mmea mwingine wa njano wa jangwa lile, wenye majani ya kijivu, lakini ule ni kichaka na huchanua sana majira ya kuchipua. Huu unatambaa chini na husubiri mvua za majira ya joto. Vile vitone vya mafuta ndivyo vilivyonifikisha: Pectis papposa, wa ukoo wa alizeti, ndugu wa karibu wa yale maua ya bustani ya rangi ya chungwa ambayo majani yake nayo hunuka ukiyasugua.

Jioni hii nimempigia Kaka, nikamtajia jina. Akanyamaza kidogo.

"Na harufu? Wameandika ni ya nini?"

Wengine wameandika ndimu, nikamwambia. Wengine bizari.