Kigae cha bibi

Mara ya kwanza kuingia makumbusho ya Pemba pale Chake Chake nilikuwa fom two, na wala sikwenda kwa kupenda, mwalimu wa historia katupakia garini asubuhi na mapema tukabanana kama dagaa, mie nafikiria tambi na juisi tu tulizoahidiwa za mchana. Makumbusho yenyewe yamo ndani ya ngome kongwe, kuta nene kwelikweli, ukiingia jua lote unaliacha mlangoni.

Mie kwetu Pujini, si mbali na magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani wa Pemba, sasa nilipoona picha ya magofu yale ukutani nikajifanya mwenyeji. Nikawahadithia wenzangu kile kisima kilotiwa ukuta kati ili wake zake wawili wasikutane, mmoja anashuka kwa ngazi, mwengine anateka kwa ndoo na kamba. Na lile la watu kubebeshwa mawe huku wanasota kwa matako. Wenzangu mbavu hawana, lakini bibi yangu akilisimulia hili hacheki hata kidogo, utadhani na yeye alisota.

Mzee alotutembeza akasema waliochimba pale Pujini wanaliweka jengo lile karne ya 15, halafu akatupeleka kwenye kabati la kioo. Ndani vigae. Vyengine vyekundu vya vyungu vya kwetu, ila kimoja kijani cha maji ya bahari, kinang'aa, akasema hicho kimetoka China, kimekuja na biashara za majahazi. Mie bila ya kufikiri nikaropoka, "Hee, mbona hichi bibi anafukizia udi!" Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu kanikata jicho. Yule mzee hakucheka, aliniuliza taratibu kikoje, kikubwa kiasi gani, bibi alikipata wapi. Nikamwambia shambani, akipalilia mihogo, na vidogovidogo vipo tele sisi tukivifanyia sahani za kupikapika, tukichoka tunatupia kunguru. Akashika kichwa yule mzee wa watu, uso wake naukumbuka mpaka leo.

Jioni nikafika nyumbani nahema. Bibi kakaa kwenye jamvi, kigae kile kile mbele yake, ndani meusi ya makaa, ila pembeni nilipopangusa kwa kidole kilitoka kijani chake, na chini ya ile rangi kuna mistari kama majani ambayo miaka yote sijawahi kuiona. Nikamwambia bibi hichi cha China, kina miaka na miaka, wanakitaka makumbusho.

"Wachina wenyewe wamekuja kukidai?"

"Hapana bibi."

"Haya basi toa mkono wako, utaungua."

Akatia udi.