Anwani Iliyobeba Swali
Juzi binti yangu aliniletea simu akilalamika kwamba rafiki yake alimtumia kiungo cha vyumba vya kupanga, vikiwa vimeshachujwa kwa bei na mtaa, lakini yeye kila akikifungua anakuta kisanduku kitupu cha kutafutia. Nilijua kilichotokea kabla sijaishika simu, maana miaka niliyoshughulikia katalogi ya maktaba mtandaoni tuliishi nacho.

Fomu tuliyoirithi ilituma maneno ya msomaji kwa njia ya POST, yaani ndani ya mwili wa ombi, kwa hiyo mtu atafute Kilwa au karafuu, anwani ilibaki ileile. Mkutubi mkuu, ambaye kwetu sote alikuwa Mama, aliwasomea watafiti wa mikoani majina ya vitabu kwa simu, kimoja baada ya kingine. Kuibadili fomu itumie GET, njia inayoyaweka maneno hayo ndani ya anwani yenyewe, ilikuwa kazi ya neno moja. Kilichotutoa jasho ni vichujio, ambavyo vilifanya kazi kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, bila kupakia ukurasa upya, hata ikatubidi kutumia pushState, amri inayobadili anwani pasipo kupakia ukurasa, badala ya kuning'iniza kila kitu nyuma ya alama ya reli (#), sehemu ambayo kivinjari hakiipeleki kwa seva kamwe.

Mchana tulipomaliza, simu iliita, na Mama akaamua kuisoma anwani yenyewe kwa mdomo. Mkwaju. Alama ya kuuliza. Neno, alama ya sawasawa, kilwa, alama ya kujumlisha, kisiwani.

"Kujumlisha nini na nini, Mama?" sauti ya upande wa pili iliuliza.

Mama aliniangalia kwa juu ya miwani. Nikamnong'oneza kwamba ile ni nafasi kati ya maneno mawili.

"Ni nafasi, mwanangu. Fomu haipeleki nafasi tupu."

Tulisikia vitufe vikibonyezwa taratibu, kisha yule mtafiti akasema ameiona orodha, ila kwake kilikuwapo kitabu ambacho Mama hakukitaja. Mama alikagua skrini yake mara mbili, hakikuwapo. Alipoupakia ukurasa upya kikajitokeza, kwa sababu mwenzetu wa chumba cha pili alikuwa ametoka kukiingiza muda uleule. Alikata simu kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo nimemtumia matokeo au nimemtumia swali?"

"Swali, Mama."

"Basi akiandika kwenye tasnifu kwamba tuna vitabu kadhaa, idadi hiyo ni ya siku gani?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sidhani kama ninalo hata sasa. Tuliweka tarehe ya utafutaji juu ya orodha ya kuchapishwa, jambo ambalo Mama alilipokea bila shangwe. Wasomaji wa kawaida aliwapa anwani, lakini waliokuwa wakiandika tasnifu aliendelea kuwasomea majina kwa simu.